Hodi ya Kumi na Saba

Gramu mbili tu. Unga wa zambarau
kama chaki iliyopondwa na mtoto mtundu,
umelala ndani ya mtungi usiozidi kidole gumba
katika chumba tulichokodi Hoima, nyuma ya gereji ya Isingoma,
ambako nyundo hazijui kwamba huku tunapima pumzi.

Nafungua koki. Gesi inaingia.
Hodi.
Kimya.
Mshale unasoma tatu, tano, tisa. Hodi, hodi,
na namba za mizani zimeganda
kana kwamba wenye nyumba wamesafiri.
Atwooki ananicheka kutoka mlangoni:
"Dada, umenunua vumbi."

Sikulinunua. Nililisuka mwenyewe,
fundo la kobalti, uzi, fundo, uzi,
kama bibi alivyosuka vikapu vya ulezi,
ila matundu yangu jicho halitayaona kamwe,
na kikapu changu kikiwa kitupu hujikunja
kama mkeka uliomaliza kazi yake.

Kumi na mbili. Kumi na tano.
Nje, shangazi Abwooli anagombana na mwenye lori:
gunia la makaa limepanda tena,
weusi wa viganja vyake haujawahi kupanda bei.
Kumi na sita.
Kumi na saba

karibu.

Hakuna mlio. Namba tu zinakimbia,
uzito unatoka hewani na kuketi mezani petu.
Humo ndani kuta zinasogea, vyumba vinatanuka,
wageni wanaingia kundi kwa kundi
na nyumba haitoki hata jasho:
joto la kuwapokea limetumika kusukuma mlango.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya siku hii. Miaka minne.
Nikasema, "Atwooki, njoo uone,"
na umeme ukakatika.

Tukabaki na mshale na tochi ya simu.
Basi nikalegeza koki, taratibu,
mpira ukapeleka pumzi kwenye kichomeo.
Mitungi mingine hubania mabaki,
huyaficha chini kama mchoyo na mchuzi.
Huu unga hujifunga wenyewe, ukamsukuma nje hata mgeni wa mwisho:
siku zako zimekwisha, ndugu, shika jembe.

Mwali wa bluu, mrefu kama ukucha.
Usingeivisha hata punje moja ya firinda.
Shangazi aliingia kuuliza kwa nini tuna taa yeye hana,
akaukuta, akatandaza kiganja juu yake,
akakitazama, akakinusa. Hakina moshi.

"Ni kidogo."
"Ni kidogo, Abwooli."
"Na kesho mlango huo utafunguka tena?"
Sijui, nikamwambia. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Mwali ukafa. Hakuondoa mkono.
Nje, mwenye lori alikuwa akipiga honi,
na shangazi gizani, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Basi bisha tena. Nitangoja."