Orodha ya Desemba

Huku kwetu mwaka hufia kiangazi.
Dunedin, saa tatu usiku, jua bado linang'ang'ania dirisha,
nami nimejifungia chumbani, pazia chini,
kalamu sikioni, santuri thelathini na moja sakafuni.
Natafuta kumi.

Hakuna aliyenituma.
Kila Desemba naandika kwa mkono, nakala nne:
moja ya Lachlan mwenye duka la santuri,
moja ya dada yangu kule Oamaru, ambaye haisomi,
moja ya mlango wa friji.
Ya nne, subiri.

Kumi: vijana watatu wa Invercargill
waliorekodi katika banda la kunyolea kondoo.
Wimbo wa pili, kondoo anakohoa.
Hawakumfuta.
Kwa hilo tu wameingia.

Tisa ni kaseti, nakala hamsini,
kila ganda limepakwa kwa rangi ya kucha.
Yangu ni ya thelathini na nane.
Upande wa pili kimya dakika ishirini,
halafu mtu anasema, "Basi, twendeni tukale."
Nimeusikiliza upande huo mara sita.

Nane na saba zinagombana, niziache.

Sita: mama mmoja wa Hokitika
na kinanda cha kanisa lililouzwa.
Mvua inapiga bati, naye hashindani nayo,
anaingoja imalize sentensi
ndipo anajibu.

Kazini, dobi la hospitali, Tevita hunicheka
mvuke ukitupanda usoni:
"Kizuri chajiuza, ndugu yangu, kibaya chajitembeza."
Basi hivi vyangu vyajitembeza, Tevita,
kwa miguu, amplifaya mgongoni,
kilima baada ya kilima,
kuwapigia watu kumi na wanne
na mbwa wa mwenye baa.
Mimi ni mmoja wa hao kumi na wanne.
Mwaka huu nimekuwa mara ishirini na mbili.

Tano, nne, tatu, mbili: nimeziandika haraka,
kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya anayemdai.

Maana iko hii hapa.
Jalada la kijivu, picha ya kamba ya nguo isiyo na nguo.
Kwenye ngoma: Merenia.
Miaka saba alikuwa mke wangu.
Niliisikiliza mara ya kwanza nimesimama, koti mwilini,
tayari kuondoka.
Wimbo wa tatu unaitwa "Taulo":

*Mia tatu kwa siku huwakunjia wagonjwa,
lake moja huliacha kitandani, linatoka jasho.*

Hakuimba kwa hasira. Laiti angeimba kwa hasira.
Aliimba kama mtu asomaye mita ya maji.

Na zile ngoma. Kila pigo lachelewa kidogo,
upana wa unywele,
kama alivyokuwa akichelewa mlangoni
mimi nikipiga honi nje, nikipiga tena.
Sikujua alikuwa ndani ya mdundo.
Nilidhani ni viatu.

Niliipa namba nne. Nikaishusha, tisa.
Nikaitoa kabisa, nikajiambia ni haki:
mtu hawi hakimu wa kesi yake.
Nikampa nafasi yule kondoo wa pili,
wa bendi nyingine, asiyekohoa hata.
Usiku kucha orodha ilinikodolea macho,
haikufumba hata moja.

Basi. Namba moja.
Kila albamu nimeiandikia mistari miwili ya sababu.
Hapo nimeacha wazi.
Nakala ya nne nitaipeleka Port Chalmers,
niitie chini ya mlango wake kama kila mwaka;
hajawahi kujibu, hajawahi kuirudisha.

Nimegeuka nichukue bahasha kitandani.
Taulo langu la asubuhi lilikuwa juu yake.
Wino wa namba mbili, tatu na nne umechuruzika, hausomeki tena.

Nimelitundika.
Nimekaa, nimeanza upya kuandika,
kuanzia juu.