Akidi

Saa nne nilifungua ukumbi wa shule, Wiyoni,
nikapanga viti sitini na vinne vya ziada,
nikafuta ubao hesabu za darasa la sita,
nikaandika MKUTANO MKUU WA TAWI
na nukta mwishoni, kwa mazoea tu.

Akaja Bi Rukiya Famau na mto wake wa kukalia.
Akaja Gathitu, katoka Mpeketoni alfajiri,
vumbi bado liko kwenye nyusi.
Wawili wa Hindi. Mweka hazina. Mwenyekiti.
Mstaafu mmoja ambaye hana kura
ila hajapata pengine pa kwenda Jumamosi.
Nami, katibu. Nane.

Wanachama ni mia nne na kumi na wawili.
Akidi ni sitini.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nahesabu kila kitu.
Nane ni kipande kimoja cha mshororo:
ukwapi umekaa, utao haukuja.

Tukangoja. Mandazi yakapoa kwenye sinia,
nzi wakatimiza akidi yao.
Simu zikalia: "Niko njiani" —
huyo yuko njiani tangu mwaka juzi.
"Mtakaloamua, sisi tupo."
Mpo wapi, walimu?

Saa saba mwenyekiti akasimama, akakohoa.
"Akidi haikutimia," alisema,
kwa sauti ya mtu aliyesamehewa deni.
"Kwa mujibu wa katiba, viongozi waliopo wataendelea."
Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwa miaka tisa.
Kalamu yangu inaijua njia.

Msinifanye niseme ni mwizi. Si mwizi.
Huyu aliwahi kulala juu ya madawati Ndau
ili asubuhi awakute walimu kabla ya kengele.
Wakati huo watu walisimama hadi madirishani.
Kisha madirisha yakawa wazi, kisha viti,
naye akazoea ufunguo wa ofisi,
semina za Nairobi, kuitwa mheshimiwa.
Nani alianza kumwacha mwenzake?
Waulize mume na mke wanaolala chumba kimoja
wakipeana migongo.

Jumatatu akanijia Nyevu, mwalimu wa Kizingitini,
mtoto wa miezi mitatu begani,
barua ya uhamisho mkononi: Kiunga, mara moja.
"Chama kiko wapi?" aliniuliza.
"Kila mwezi mnanikata. Mnanikata ya nini?"

Nikavuta daftari la mahudhurio.
Nikaliona jina lake, na mbele yake miaka sita
myeupe kama sare ya siku ya kwanza.
Kidole changu kilikuwa tayari kwenye mstari.
Kumbe nimevuta kurasa nyingi kuliko nilivyotaka,
na pale, kabla sijawa katibu, kabla sijawa na maneno haya,
jina langu, na weupe ule ule.
Jumamosi nilikuwa nafundisha watoto wa watu kwa malipo.
Nilikuja mara ya kwanza posho yangu ya nyumba ilipochelewa.
Sikuja kwa ajili ya mtu yeyote.

Nikafunga daftari.
Nikamwandikia barua ya rufaa, nikapiga muhuri
mara mbili, kwa kuwa wino umekauka.

"Mkutano ujao," nikamwambia, "tuulete kwenu.
Nauli ya boti inawala watu wa visiwani,
na sisi tunakaa mjini tukisema hawajali.
Ufunguo wa ofisi ya walimu utauomba wewe.
Chai utapika wewe, au utamtafuta wa kupika."
Alimhamisha mtoto bega la pili.
"Nitaangalia," akasema.

Nitaangalia, kwetu, ni hapana iliyojitanda buibui.
Naijua. Nimeisema miaka mingi.

Hata hivyo nimeliandika jina lake,
kwa penseli, chini ya yale manane.
Mizani ya tisa haiingii kwenye ukwapi.
Ya tisa ndiyo inayoanza utao.