Wiki Sita, Jengo la Nyuma

Kutaisi, mwaka wetu wa tano wa udaktari,
orodha ilibandikwa mlangoni, theluji ikaiyeyukia.
Jina langu, Nutsa, lilichuruzika na wino
hadi mstari wa mwisho:
Magonjwa ya Akili. Wiki sita. Jengo la nyuma.

Zviad akanipa mkono kama anayempa pole mfiwa.
"Angalau utalala," akasema. "Kule hakuna damu,
hakuna kisu, na hakuna anayepona."
Gocha akauliza kama nitavaa koti jeupe
au nitaazima la wagonjwa,
maana ukikaa na waridi utanukia,
na ukikaa na hao,
akazungusha kidole karibu na sikio.
Nilicheka. Niliandike hilo kabla ya mengine:
nilicheka, tena kwa sauti.

Sisi tulilelewa na vitu vya kushikika.
Ini lina uzito wake. Mfupa ukivunjika
unakiri wenyewe mbele ya eksirei.
Lakini huzuni ukiipima
presha ni ya kawaida, mkojo safi, damu safi,
na mtu hawezi kunyanyua kijiko.
Profesa wa upasuaji alituambia:
"Walioshindwa kukata ndio hujifunza kusikiliza."
Tukaandika daftarini.
Tulikuwa tunaandika kila kitu.

Jengo la nyuma lilinuka kabichi na sabuni ya mche.
Nilitarajia mayowe, nikakuta watu wakingoja chai.
Mzee Avtandil, fundi wa saa za stesheni ya reli
enzi treni zilipojali saa,
alinitazama mkono, si uso:
"Umeficha nini mfukoni, daktari?"
Ilikuwa nyundo ya kupimia magoti.
Nilikuwa nimeikamata kama mtu apitaye penye mbwa.

Aliniambia dada yake humhesabia usiku.
Alikufa mwaka wa mafuriko, na bado huhesabu,
moja, mbili, hadi hamsini na tisa,
kisha kimya.
"Sitini haifiki," akasema. "Wewe ungelala?"
Nikapekua kitabu. Nikatia alama ya vema
kwenye visanduku vinne.
Swali lake halikuwa na kisanduku.

Daktari Lamara, tuliyemwita Mama Vichaa
akishatupa mgongo,
aliisoma karatasi yangu, akanirudishia.
"Sasa kaa naye," akasema.
Nikakaa. Hakuna aliyenifundisha kwamba kukaa ni kazi,
kwamba miguu itataka kukimbilia chumba cha dharura,
kule ambako ukimshona mtu, ameshonwa.

Wiki ya nne mzee alikuja amefunga kamba za viatu.
"Jana alifika sitini," akasema, "akaniaga."
Nililia chooni, bomba likiwa wazi.
Jumatatu dada alirudi kwenye hamsini na tisa.
Nikafuta neno "amepona" kwenye faili,
nikakumbuka kwamba kisukari nacho hurudi,
na sijaona mtu akizungusha kidole
kwa ajili ya kisukari.

Usiku mmoja, bwenini, mlango uligongwa kidogo sana.
Zviad, theluji nyweleni, koti lina vifungo vilivyokosea matundu.
Vidole vyake, vile vifungavyo uzi wa upasuaji gizani
tukimshangilia,
havikutulia.
"Lile jengo lako," akasema. "Mtu akienda jioni,
jina lake lisiandikwe,
inawezekana?"
Kisha, akiitazama sakafu: "Tangu Oktoba."

Nilikuwa na maneno mengi, mengine ya kisasi.
Nikaondoa vitabu kitandani, nikabandika birika,
nikakaa.
Nilijikuta nahesabu kimoyomoyo, sijui kwa nini.
Sikufika hata arobaini.
Akaanza kusema.