Mitungi Saba

Kwetu Pipeline maji huja Ijumaa usiku,
saa saba, saa nane, yakipenda,
na hayamngoji aliye kwenye kesha.

Mimi nilikuwa kesha.
Katibu wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani,
kijitabu cha haja mkononi:
Mama Nekesa, mguu.
Mtoto wa Syombua, karo.
Na ukurasa wa tano, kwa wino mwekundu:
Kerubo, ghorofa ya sita, mlango wa nne.

Haja yake sikuitaja.
Nilishusha pumzi tu, nikafumba macho,
wenzangu wakaelewa.
Sisi tunajua kusengenya kwa magoti.
Tunasema, tumkumbuke dada yetu,
na kabla ya amina kila mtu ameshajua
hurudi saa ngapi, hubeba nini,
ni viatu vya nani vilivyolala mlangoni pake.

Jina lenyewe lilinichekesha.
Kerubo! Kerubi gani huyu
asiye na bawa, mwenye kreti ya bia chini ya kitanda,
anayefungulia redio Jumapili asubuhi
sisi tukishuka ngazi na Biblia kwapani?

Basi tukamwombea.
Niseme kweli: tulimwombea ahame.

Saa kumi na moja alfajiri nikapanda ngazi,
ghorofa sita, magoti yananiuma,
nikiihesabu kichwani mitungi niliyoiacha nje mitupu,
saba, na wiki nzima iko mbele,
na mwenye mkokoteni ameshapandisha bei.

Gizani kwenye korido mguu wangu ukagonga kitu.
Debe tupu huvuma, tunajua.
Lililojaa nalo lina neno,
ila husema mara moja.

Nikapapasa. Wa kwanza. Wa pili.
Yote saba, imepangwa ukutani, vifuniko vimekazwa,
na ule wenye ufa,
ule ambao huuziba kwa kipande cha sabuni
nikiwa peke yangu, kwa aibu,
umezibwa kwa sabuni.

Kumbe naye alikuwa akinitazama.
Mimi nilitazama viatu vyake.
Yeye aliutazama ufa.

Bomba liko chini, kando ya geti.
Mitungi saba, ghorofa sita: piga hesabu mwenyewe.
Mimi ilinishinda. Nikaketi juu ya mtungi
na kitambaa changu cheupe,
nikasikia boriti ikisogea jichoni,
haikutoka, ilisogea tu,
na ikauma.

Kulipokucha nikabisha mlango wa nne.
Akafungua jicho moja, pumzi yake bado ya baa.
"Nilikuwa macho," akasema. "Maji yalikuja. Wewe hukuwepo."
Kama mtu anayesoma mita ya stima.
Kisha: "Na ile mia mbili yako, mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi umepita. Hajalipa.
Redio bado inalia Jumapili.
Wala hajaja kanisani, msiulize.

Ijumaa iliyofuata Syombua akanigusa kiwiko:
yule wa ghorofa ya sita, tumweke wapi?
Nikakitazama kijitabu, wino mwekundu haufutiki.
Nikasema, leo mniwie radhi, natoka mapema.
Maji yanakuja,
na nje ya mlango wa nne kuna mitungi mitatu,
mmoja hauna kifuniko.

Wa kwanza niliupandisha kwa pumzi mbili,
nikipumzika ghorofa ya tatu, nikinung'unika, simfichi Mungu.
Nilipofika, viatu vilikuwepo tena,
vikubwa, vya mwanamume, vyenye tope.
Niliviona. Siwezi kusema sikuviona.
Nikavisogeza kidogo kwa mguu
nipate mahali pa kuutua mtungi.