Chupa ya Maji, Moja

Koplo wa stoo alikuwa kijana, ndevu zake bado ahadi,
akasoma kama anayeita mahudhurio:
Kofia ya chuma, moja. Ipo.
Mkanda, mmoja. Upo.
Buti, jozi mbili, zimelika visigino. Zipo.
Chupa ya maji, moja.
Nikanyamaza.
Chupa ya maji, moja, Sajini Edilberto.

Miaka ishirini na miezi miwili,
na jeshi la Kolombia linanidai chupa.
Ningemwambia niliichomoa kiunoni nimnyweshe Arnubio
alipokanyaga kile kilichofukiwa kwenye njia ya nyumbu,
akaishika, akaing'ang'ania mpaka ndani ya mtumbwi,
na katikati ya mto Kaguani vidole vyake vikaachia
chupa kwanza, kisha vingine vyote.
Lakini fomu haina mahali pa hadithi. Ina kisanduku.
Nikakatwa peso elfu thelathini na nane.
Nikatia sahihi.

Kiinua mgongo kikaja. Mgongo haukuinuka.
Kiliezeka nusu ya paa, upande wa jikoni,
na Yolima akasogeza kitanda upande wa jikoni.

Bogota, ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno,
kuna Meja mstaafu anayeitwa Meja bado, na suti yake.
Akanipa kahawa ya unga kwenye kikombe cha karatasi,
mimi, mtoto wa mchuma kahawa wa Chaparali!
Nikainywa. Ndipo nilipojua nimeshakubali.
Mkataba kurasa kumi na moja, lugha mbili, zote si yangu.
Kidole chake kikanitafsiria: hapa mshahara,
mara saba ya ule wa jeshini; hapa likizo; hapa
kidole kikaruka.
Na hapo?
"Hapo ni habari za mwili," akasema. "Kuurudisha.
Kampuni italipa. Usiwaze hapo."

Yolima hakulia. Alipiga hesabu
nyuma ya bili ya umeme, ulimi umetokeza kidogo
kama mtoto anayejifunza kuandika.
"Miaka miwili," akasema. "Halafu urudi uote kutu hapa."

Sasa nalinda uzio.
Kilichomo ndani sijakiona; lori huingia zimefunikwa,
hutoka zimefunikwa. Mchanga unafika mpaka kwenye meno.
Zamu ya usiku nasimama na Danraji, wa Nepali,
na Wameru, wa Peru, aliyewahi kuwa baharia.
Hatuna lugha moja, lakini tunajuana:
sote humtazama mtu mikono kabla ya uso.
Sote saa kumi alfajiri tu macho, hata siku ya mapumziko,
tumekaa ukingoni mwa vitanda, tukisubiri
parapanda ambayo hakuna wa kuipuliza.

Sisemi zamani nilikuwa malaika.
Kule nako tulilinda bomba la mafuta, miezi tisa,
tukaambiwa lile bomba ni taifa.
Nikaamini, au nikachoka kutoamini.
Huku angalau hakuna anayehutubia.
Mwisho wa mwezi simu inatetemeka mara moja mfukoni,
basi, hiyo ndiyo hotuba.

Walinigawia chupa mpya siku ya kwanza.
Maji yake yananuka plastiki.
Kila jioni naihesabu: moja.

Jumapili mama alipiga, sauti inakatika-katika.
Hakuuliza mshahara. Hakuuliza joto.
"Begani," akasema, "wamekushonea bendera ya nani?"
Nikageuza shingo kutazama.
Ndege mweusi, jina lake silijui,
wala hajashonwa, amenatishwa tu
kwa ule utepe unaobanduka kwa kelele.
Tukifika barabara ya kaskazini msimamizi huinua kidole,
nasi, kraa, kraa, kraa, begani,
kila mtu anamtia ndege wake mfukoni,
na gari linavuka bila mwenyewe.

"Bado hawajashona, mama," nikamwambia.