Vua Ndala

Nilikwenda kwa ajili ya hiki cha juu ya mdomo,
mwanangu Butoyi hukiita nzi asiyeruka.
Daktari wa ngozi huja Kigoma mara moja kwa mwezi;
nilifika na akiba ya dagaa wa Kibirizi, noti zinanuka.

Akanitandazia njia na bei kama muuza vitenge:
kukwangua kwa wembe,
kukata na kushona nyuzi mbili,
au kuchoma kwa umeme, harufu ya unywele motoni.
"Kovu utabaki nalo," akasema. "Chagua."

Nikiwa bado nachagua
akatazama chini.
"Vua ndala."

Unyayo! Nani huutazama unyayo?
Miaka kumi na saba nakanyaga mchanga wa kuanikia,
doa lile nikilidhania masizi,
lami, mawese yaliyoganda.
Akalipima kwa rula ya shule. Kingo zake hazikumpendeza.

Hili halikuwa na njia tatu.
Ganzi, kisu, kichupa chenye jina langu,
basi la alfajiri kwenda Mwanza.

Sasa nachechemea, nasubiri karatasi.
Cha mdomoni kipo.
Nikinawa uso nakigusa:
kaa, bwana mdogo,
wewe angalau unaonekana.