Sekunde Tatu za Kimya

Shitandi wa redio alikunjua karatasi ya bei
juu ya gunia la chakula cha kuku,
akaigandamiza pembe kwa kopo la dawa ya kupe
isipeperushwe na upepo wa barabara ya Kimilili.

"Mama Agroveti, hewa ni kama shamba.
Kuna ya mtoni, na kuna ya mawe."

Saa kumi na moja alfajiri: rahisi.
Wanaokamua wako macho, lakini mikono imo kwenye chuchu;
nani ataandika namba ya simu?
Saa nne: salamu na nyimbo za kuombwa.
Redio inaimba jikoni, mwenye redio yuko shambani.
Saa kumi: wanafunzi. Hawanunui mbolea.

Kidole kikateremka, kikatua.
"Hapa. Saa moja na robo jioni,
mara tu baada ya matangazo ya vifo.
Bungoma yote huongeza sauti, hata mbwa hunyamazishwa.
Ndiyo maana bei ni mara tatu."

Nikaujua ule mstari.
Mwaka juzi niliununua kwa ajili ya mama.
Walitoza kwa neno, nami nilikuwa na mia nane:
nikakata "mpendwa",
nikakata wakwe,
nikakata jina la dada yake wa Lugari
ambaye hadi leo hunisalimu kwa vidole viwili.
Mama akasomwa kwa pumzi moja,
kati ya mwalimu mstaafu na mtoto wa Chwele,
kisha, bila hata kikohozi,
magodoro.
Kulikuwa na mtu anacheka ndani ya tangazo lile.

Nikapiga hesabu. Mvua wiki tatu mbele,
mbegu stoo hadi darini, mkopo wa chama haulali.
"Siku tano," nikamwambia. "Sekunde thelathini.
Lakini tatu za kwanza ziache tupu."

"Tupu vipi?"
"Kimya. Si nalipia?"
Akaandika, akafuta.
"Mama, redio haina kimya. Kimya ni hitilafu.
Fundi mitambo atatoka mbio na soksi."
"Mwambie akae."

Jumatatu nilifunga mlango nusu, nikasikiliza.
Jina la mwisho: mzee Wekunda wa Misikhu,
wajane wawili, mazishi Ijumaa.
Moja.
Mbili.
Nikasikia sufuria ya jirani ikitua chini.
Tatu.
Kisha sauti yangu, nyembamba kuliko ninavyoijua,
ikasema mbegu zimefika, kilo mbili hadi kilo kumi,
mkabala na posho mili.
Haikucheka.

Jumanne, kabla sijafagia baraza,
watu sita mlangoni.
Nikajisifu moyoni: tangazo limezaa!
Wa kwanza akaweka redio kaunta, mgongo wazi:
"Jana ilizima ghafla, pale tu baada ya marehemu.
Una betri?"

Wanne walitaka betri.
Nikafungua daftari, nikaandika:
mbegu, wateja wawili.
Betri: agiza katoni.